Pete za Nuru kwenye Kitambaa Kitupu

Ti. Kimya. Ti. Gizani nilijua ni bati letu la Kyebando, hapa Kampala, linadondosha ndani ya beseni maji ya mvua ya usiku. Nililala nikisikiliza, binti yangu Princesse amenipandishia mguu tumboni, na mimi nawaza kitambaa.

Bado kilikuwa kitupu. Kikundi chetu cha kudarizi, sisi wamama wa Kongo, kiliombwa mchoro mpya kwa ajili ya maonyesho ya Nakawa. Miaka yote tunadarizi waridi lile lile, tunalinakili kutoka karatasi moja iliyolegea kama chapati. Mkutanoni nilinyoosha mkono nikasema mpya nitauleta mimi. Asubuhi hii yaya Marie-Louise, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, kiongozi wetu, angekuja kukichukua. Akikikuta kitupu atachora waridi, na mimi nitabaki yule mwenye mdomo.

Kulipokucha nilifungua mlango, nikainama kuvuta beseni nikamwage maji. Ukuta ukaruka. Nasema kweli, ukuta mzima. Jua lilikuwa limeingia mlangoni likagonga maji, na maji yakalirusha juu ya chokaa. Nikaliachia beseni polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Nuru ikatulia. Kisha tone likaanguka, na pete ya nuru ikafunguka ukutani, ikapanuka, ikapita juu ya kalenda, ikaisha.

Nikajiziba mdomo kwa kiganja nisimwamshe Princesse. Kitambaa. Penseli. Nikakitundika hapo ukutani, kwenye misumari ya chandarua. Nikisimama mbele, kivuli changu kinameza kila kitu, kwa hiyo nikajibana pembeni. Nikiifuata pete kwa penseli, imeshakwenda. Basi nikaacha kuifuata: tone lianguke, niangalie tu, nifumbe macho, nichore kilichobaki ndani. Pete mbili zilikutana, zikapitana bila kugombana, nikacheka peke yangu kama kichaa. Bati likaanza kukauka. Nikanyoosha mguu, nikagusa maji kwa kidole gumba, nikachora, nikagusa tena, mpaka jua likapanda na ukuta ukarudi kuwa ukuta.

“Hodi, Mama Princesse.” Marie-Louise alikuwa mlangoni, anapangusa matope ya viatu. “Mguu ndani ya beseni, asubuhi yote hii? Ni maombi ya kanisa gani hayo?”

“Nachora, yaya.”

Akakisogelea kitambaa. “Hizi ni nini? Mifuniko ya sufuria?”

“Ni nuru. Ilikuwa hapa sasa hivi.”

“Sasa hivi. Na wateja wa Nakawa utawaambia hivyo hivyo, ilikuwa hapa sasa hivi?”

“Keti kwanza nikueleze.”

“Usinieleze. Mteja haelezwi. Anaona, au anapita.”

Lakini hakukishusha. Kidole chake kilifuata mstari mmoja mpaka ukingoni, kikarudi. “Hapa zinapopitana,” akauliza bila kuniangalia, “ungetia uzi gani?”

“Njano. Na pembeni uzi mweupe juu ya nguo nyeupe, mtu auone akigeuza kitambaa tu.”

“Huo utatuumiza macho.”

“Nitaudarizi mimi.”

Akaguna. Sikujua ni guno la ndiyo au la waridi. Princesse, aliyekuwa amelala muda wote huo, akaketi kitandani, nywele zimesimama upande mmoja. Nikafungua mdomo, na Marie-Louise akaninyooshea kidole.

“Usimsaidie. Huyu hajaona kitu. Akiona, na wateja wataona.” Akakitungua kitambaa, akaenda kukitandaza juu ya magoti ya mtoto. “Haya, mwanangu. Mama yako amechora nini?”

Princesse akatazama. Akajikuna shingo. Akakigeuza kitambaa juu chini, akatazama tena.

“Mvua inaanguka kwenye maji,” akasema.