Mti wa Bibi Miche

Binti yake alikuwa amepandwa. Bibi Miche alisimama mlangoni mwa ukumbi wa maonyesho, mkoba kwapani, akamwona kitindamimba wake katikati ya chumba cheupe, amefukiwa udongo hadi magotini ndani ya sanduku la mbao, gauni limeshonewa majani mabichi, mikono ameitandaza kando. Kumbe kaka yake, mjomba wa binti, hakutia chumvi alipopiga simu asubuhi. Ukoo mzima unacheka, alisema. Mtoto kasomeshwa sanaa miaka minne, sasa kageuka gogo. Mng'oe umlete nyumbani.

Na kumng'oa ndiko kulikomleta. Akishindwa, hakujua uso wake angeuficha wapi mbele ya ndugu zake.

Mlinzi wa ukumbi, mtu mpole aliyeajiriwa kueleza asichokielewa, alimfahamisha kwamba leo ni siku ya tatu na ya mwisho. Msanii huingia asubuhi, hutoka saa kumi na mbili jioni, na katikati hasemi neno, maana mti hausemi. Wageni wameruhusiwa kumtendea kama wanavyoutendea mti wa mtaani. Nao hawakujivunga. Mmoja alikuwa amemtundikia mwavuli mkononi, mwingine amembandika kifuani tangazo la fundi bomba, namba ya simu na yote. Na kila aliyepita, kwa huruma, alimmwagia kopo la maji.

"Twende nyumbani," Bibi Miche alinong'ona. Akabembeleza, akatisha, akamtaja na marehemu baba yake. Binti akaendelea kutazama mbele, mkaidi kama siku zote, yeye aliyechelewa kuzaliwa kwa wiki mbili kwa sababu zake mwenyewe.

Ndipo Bibi Miche, muuza miche wa miaka ishirini na sita, alipotazama chini. Udongo ulikuwa mfinyanzi mtupu, umeshindiliwa kama sakafu, maji yametuama juu yake. Akachomeka kidole, akakinusa. Hasira iliyompanda safari hii ilikuwa ya kazi, na iliishinda ile ya kwanza kwa mbali.

"Nani kapanda hivi?" alimuuliza mlinzi. "Hata tundu la kutolea maji hamna. Mnataka mizizi ioze?"

Mlinzi alisema kwa uangalifu kwamba, kwa kadiri anavyojua yeye, ile ni miguu.

"Miguu haiozi?"

Bibi Miche alitoa simu mkobani. Saa moja baadaye pikipiki ilileta gunia la mboji na gunia la mchanga kutoka kitaluni kwake. Bibi Miche alifukua kwa mikono, akamkumbatia binti kiunoni, akamtoa, huku mlinzi akitoboa sanduku kwa nyundo na msumari. Wageni walipiga picha na kunong'onezana kwamba sehemu hii ndiyo yenye maana hasa.

Sasa alikuwa amemng'oa. Mlango ulikuwa wazi, hatua kumi tu.

"Ukitaka twende, sema," alimwambia sikioni.

Binti hakusema. Uzito wake wote ulikuwa juu ya bega la mama, na haukuelekea mlangoni wala popote. Miguu yake ilikuwa imekunjamana, nyayo zimepauka. Bibi Miche alikwisha kubeba maelfu ya miche namna hiyo, mizizi nje, na alijua dakika hizo hazimtaki mtu mwenye nia mbili. Alikiogopa kicheko cha ukoo, kweli. Alivyompenda mtoto huyu, mbishi hivyo hivyo, aliogopa zaidi kumvunja. Akaifuta miguu ile kwa mtandio, akairudisha sandukuni, akajaza mboji na mchanga, akashindilia kwa viganja, polepole, kuzunguka vifundo.

Kisha alibandua tangazo la fundi bomba, akaketi sakafuni kulinda. Waliokuja na makopo aliwaambia maji yanatosha. Kaka yake alipopiga, alimjibu kwamba yuko kazini.

Jioni, ukumbi ukikaribia kufungwa, mama mmoja mwenye miwani aliinama kwake.

"Samahani, huu ni mti gani?"

Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kukosa jibu la swali hilo. Hata mche wenye jani moja aliutaja jina, na kimo chake cha baadaye.

"Sijui," alisema. "Nimeuotesha mwenyewe, na bado siujui."

Juu yao majani yakaanza kutikisika, kidogo kidogo, kisha yote, ilhali madirisha yalikuwa yamefungwa. Bibi Miche hakuinua macho. Aliweka kiganja udongoni, akashindilia tena.