Pauni Sabini Zilizozidi

Verlin Slabaugh hakuwa na mke. Hakuwa na nyumba pia, maana ile ya Middlebury waliiuza mkewe Ardith akiwa bado hai, na wamiliki wapya walikuwa wanahamia Ijumaa. Hakuwa na hamu ya chakula wala usingizi wa maana. Machozi ndiyo kabisa. Hata kwenye mazishi hayakumtoka, mpaka watu wa kanisani wakaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Na hakuwa na trela. Hilo la mwisho ndilo pekee aliloweza kulishughulikia.

Mpango ulikuwa wa Ardith: wauze nyumba, wanunue trela la kuishi, la gurudumu la tano, lile refu ambalo shingo yake hukaa juu ya mgongo wa pikapu badala ya kuning'inia nyuma, kisha wakaishi Florida kwenye kiwanja cha kuegesha matrela cha mama Fern Gingerich. Mama Fern hakupokea maombi ya simu. Alitaka barua yenye urefu wa trela na idadi ya watu. Verlin alipoulizwa kama bado anakwenda, alijibu "Naam" kama mtu aliyeulizwa kama anataka chumvi.

Jumanne kaka wa Ardith, Lavon Mast, alimsindikiza uwanjani kwa muuzaji wa matrela. Lavon aliunda matrela tangu ujana wake, kama nusu ya wanaume wa sehemu zile, na hakupata kuona trela asilitukane.

"Sakafu hii inabonyea kama mkate uliolowa maziwa," alisema akikanyaga kwa kisigino. "Na hizi kabati! Ukipiga chafya ukiwa Ohio, zote zinakuangukia mapajani."

"Ni jepesi," Verlin alisema.

"Hata kikapu ni chepesi, shemeji. Utalala ndani ya kikapu?"

La pili lilikuwa zito. Lavon alitambaa chini yake, akatoka na tope mgongoni.

"Chesisi hii imeundwa na watu wenye akili. Maungio yamechomelewa mzunguko mzima. Na paa ni imara, mnaweza kupanda juu wewe na..." Akakung'uta mikono. "Unaweza kupanda juu."

Muuzaji, mtu wa tumbo kubwa aitwaye Kipp, aliwaruhusu wayajaribu yote mawili barabarani kwa pikapu ya Verlin. Walianza na lile jepesi. Lori lilipowapita kwenye barabara kuu, trela liliuvuta mkia wa pikapu kushoto, halafu kulia. Lavon alishika dashibodi kwa mikono miwili. Verlin alilirudisha kwa usukani taratibu. Zamani moyo ungemwenda mbio. Lile zito liliipunguza pikapu mwendo kwenye mwinuko, lakini upepo haukulifanya kitu, na alipokanyaga breki lilisimama pale pale alipotaka.

"Kwisha kazi," Lavon alisema. "Hili."

"Tupige hesabu kwanza."

Wengi hununua kwa ile namba kubwa ya matangazo, inayosema gari linakokota kiasi gani, kisha hujikuta njiani na springi zilizolala. Verlin hakuwa mtu wa hivyo. Alifungua mlango wa dereva, akasoma kibandiko cha manjano kinachosema pikapu ibebe kiasi gani mgongoni na vitini. Juu ya karatasi ya bei akaandika uzito wa shingo ya trela, wa sahani ya kulifungia, na wa watu. Akajumlisha. Akarudia.

"Limezidi kwa pauni sabini. Basi ni lile jepesi."

Lavon alimnyang'anya karatasi. "Haiwezekani. Wewe mia mbili na kumi, sawa, pai zimekukubali. Na hii mia moja thelathini? Umebeba jenereta?"

"Ardith."

"Ah, kumbe mama yupo!" Kipp alichangamka. "Mngekuja naye alione jiko!"

Lavon alikunja kofia yake mikononi.

"Itoe, Verlin."

"Mwenyewe alikuwa ananiambia mia na ishirini."

"Hata mimi alinidanganya hivyo hivyo. Itoe, ndugu yangu."

Verlin aliitazama ile namba. Alingoja kitu kimpande kifuani, hakikupanda kitu. Aliona nzi akitembea juu ya kioo cha pikapu. Aliona kamba ya kiatu cha Kipp imefunguka. Akiiacha namba ile, atalala ndani ya kikapu. Akiitoa, itabaki nafasi ya ziada. Alipiga mstari mmoja mwembamba, namba ikaendelea kusomeka chini yake.

"Lile zito," alisema.

"Chaguo zuri, mzee! Mama atalipenda."

"Funga kiatu chako," Lavon alimwambia.

Alhamisi asubuhi, jikoni kati ya maboksi, Verlin alimwandikia mama Fern. Urefu wa trela: futi thelathini na nne. Idadi ya watu: mmoja. Aliona neno hilo limekaa peke yake vibaya, kama kosa la kalamu ambalo mama Fern angeweza kulisahihisha, kwa hiyo akaongeza: *Ardith alifariki mwezi wa pili. Nakuja peke yangu.*

Aliilamba bahasha, ulimi haukusikia ladha yoyote ya gundi. Akaifunga, akabandika stempu, akatoka hadi kwenye sanduku la barua lililo kando ya barabara. Akaitia ndani, akainua kile kibendera chekundu cha kumwita tarishi.