Maswali Matatu ya Asubuhi

Simu iliita mara kumi na mbili, kisha ikakatika yenyewe. Aulikki Tervonen aliitazama kana kwamba ndiyo iliyokosa adabu, akapiga tena. Nje ya dirisha la ofisi ya parokia, barafu ilikuwa imeivika njia ya kando ya mto gamba la kioo, na watu wa mji wa Turku walipita wakijivuta kama bata, mikono wameitanua. Ilikuwa saa nne kasorobo.

Eino Vuorela alikuwa wa saba kwenye orodha. Miaka themanini na minne, anaishi peke yake. Mbele ya jina lake, kwa miezi mitatu mfululizo, palikuwa na alama tatu za vema kila siku: amelala, amekula, amemeza dawa. Katika orodha nzima hapakuwa na ukurasa safi kama wake. Na sasa alikuwa hapokei.

Mtaani kila mtu aliijua habari ya orodha hiyo. Aulikki na wenzake wanne waliosoma naye chuo cha biashara walikutana kwa chakula, miaka arobaini na mitano tangu wahitimu, wote wamestaafu, wote wamechoka kupumzika. Jarmo, mmoja wao, aliyewahi kuongoza kiwanda cha karatasi, aliwaambia kwamba maisha yao yote walifundishwa kuendesha vitu, basi waendeshe japo kimoja chenye maana. Wakaichukua simu ya asubuhi ya parokia, ile ya kuwajulia hali wazee wanaoishi peke yao.

Kabla yao simu hiyo ilikuwa ya Kerttu Lehto, mwenye saluni. Aliipiga kwa miaka tisa, ameibana kwa bega, mkasi mkononi, na sisi wateja tuliokuwa kwenye kiti tulisikia yote: goti la huyu, paka wa yule, nani kanuniana na nani kwenye ngazi. Alikuwa na wazee kumi na mmoja tu, na kila mmoja alimchukulia nusu saa. Aulikki, aliyepanga safari za meli za mizigo kwa miaka thelathini, alikaa akamsikiliza asubuhi moja huku akitazama saa. Kisha akatunga maswali matatu ya dakika tatu. Kufikia mwezi wa pili wazee walikuwa arobaini na wawili, na mchoro wa idadi yao aliouchora Jarmo ukutani ulipanda kama ngazi ya zimamoto.

Katika kikao cha mwisho alichohudhuria, Kerttu aliuliza jambo moja tu: anayesema ndiyo huku analia, huyo anawekewa alama gani? Watu wakacheka kidogo. Aulikki akamjibu, kwa upole uliouma kuliko ukali, kwamba porojo ni tamu lakini haziongezi jina hata moja kwenye orodha. Kerttu akavaa koti lake akatoka. Saluni kisa hicho kilisimuliwa kwa miezi mitatu, kila mara na viungo vipya.

Mara ya tano Eino hakupokea. Aulikki akapiga namba ya dharura. Mwanamke wa upande wa pili aliuliza taratibu kama mzee ana ugonjwa wa moyo, kama ana watoto, nani ana ufunguo wake, asubuhi huwa anakwenda wapi. Aulikki aligeuza karatasi nyuma. Ilikuwa nyeupe.

"Unamfahamu lakini?"

"Naongea naye kila siku," alisema Aulikki.

Akaambiwa gari litatumwa, ila leo mji mzima unateleza na kuanguka. Kama kuna mtu wa karibu, aende akaangalie kwanza. Akabaki ameshika simu. Sauti ya Eino ikamrudia, ile ya jana, baada ya swali la tatu. Alikuwa ameongeza kitu. Kesho ni siku ya Aune, alisema. Naye akamjibu vizuri sana, akakata. Dakika mbili na sekunde arobaini.

Ilibaki namba moja ya kupiga, na aliijua kwa kichwa.

"Saluni."

"Kerttu, ni mimi Aulikki."

Mkasi ulinyamaza. "Bosi. Leo umekumbuka kuwa una nywele?"

"Eino Vuorela hapokei simu. Jana alisema ni siku ya Aune. Aune ni nani?"

Mzaha ukamtoka Kerttu. "Mkewe, marehemu. Siku ya jina lake kwenye kalenda huwa anaoka mikate ya iliki na kuacha mlango wazi, kama enzi zake, kila apitaye aingie anywe kahawa. Leo hawezi kwenda popote. Tukutane langoni kwake. Na uvae viatu vyenye misumari, dada, sibebi watu wawili."

Aulikki alivuka daraja akihesabu hatua ili asihesabu dakika. Kila aliyejikunja kwa baridi kwa mbali alimwona kama mtu aliyeanguka. Langoni alimkuta Kerttu, aproni ikichungulia chini ya koti. Alikuwa amemwacha mteja na rangi kichwani.

Walitazama uani. Kutoka mlangoni mchanga ulikuwa umemwagwa juu ya barafu, mpana, umesawazishwa vizuri, njia ya wageni wasiteleze. Ulifika katikati ya ua ukakoma. Ndoo ya mchanga haikuwepo.

"Uliisha," alisema Kerttu polepole. "Karudi kujaza."

Pipa la mchanga huwa chini, kwenye ghala la jengo. Mlango wake ulikuwa umeegeshwa. Aulikki aliusukuma. Kerttu aliita, na giza la ngazi likakohoa.

Eino alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mwisho, mguu mmoja umekaa vibaya, ameikumbatia ndoo. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Kerttu alimvika koti lake, akaanza kumsugua mikono huku akimgombeza kwa sauti nyororo. Aulikki alivua skafu, akapiga magoti, akamwambia gari linakuja.

Mzee aliigeukia sauti hiyo. "Wewe ndiye wa maswali matatu."

"Ndimi."

"Nilidhani ni mashine." Meno yaligongana. "Basi uliza."

Aulikki alitikisa kichwa. Eino akajibu hivyo hivyo. "Sijalala. Sijala tangu juzi, mkate ni wa wageni. Dawa ziliisha Ijumaa."

"Mbona ulisema ndiyo?"

"Ulikuwa na haraka, mama."

Gari lilipofika Kerttu aliingia nalo, akawa anawaeleza wahudumu jina la daktari wa Eino, mpwa wake wa Oulu, na dawa ambayo tumbo lake haliipendi. Kabla ya mlango kufungwa akamwambia Aulikki apande juu azime jiko la kahawa. "Na ubaki. Mtu akija, mpokee."

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Kahawa ilikuwa imeungua na kubaki ukoko mweusi. Mezani palikuwa na vikombe sita vyenye ukingo wa dhahabu, na mikate chini ya kitambaa. Aulikki alizima jiko, akamalizia mchanga wa uani kwa ndoo ile ile, akapanda tena, akasikiliza ngazi. Hapakuwa na hatua za mtu.

Akatoa orodha mfukoni. Wa nane alikuwa Hilja Koskela, aliyekuwa akisubiri tangu saa nne. Akapiga.

"Umelalaje, Hilja?"

"Ndiyo," ilijibu sauti upesi, kama ilivyozoeshwa.

Aulikki alivuta kiti akaketi mbele ya vikombe. Swali la pili lilikuwa ulimini, akaliacha hapo. Kwa mbali alisikia saa ya ukuta, pumzi, kitu kikiburutwa sakafuni. Dakika ya kwanza ikapita, ikafuata ya pili.

"Bado upo?" aliuliza Hilja.

"Nipo," alisema Aulikki.