Vifaa Vilivyokuja na Gari

Asubuhi moja ya Februari 1967, pale Mutrah, bandari jirani na Maskati, Thabit bin Ghanim alifungua boneti ya gari jipya jeusi, akapima oili, akasikiliza injini, akaandika: "Haina kelele." Huko Unguja alikotoka alikuwa fundi wa duka la magari, kazi yake kuyajaribu kabla hayajapata wenyewe. Maskati alipewa kazi hiyohiyo. Haikuwa nzito. Kila gari lilitaka ruhusa, ruhusa zilikuwa chache, na barabara ya lami ilikuwa fupi kiasi kwamba dereva akiingiza gia ya nne tu, ilimpasa aanze kufikiria breki.

Gari lilipanda kilima cha Darsait bila kuhema. Maili ya nne lami ikaisha, Unguja ikaanza. Thabit alipunguza mwendo, maana njia za Mwembetanga ni nyembamba, akasimama mlangoni kwa dada yake Nasriya, ambaye hakuwa amemwona tangu mapinduzi.

Nasriya alitoka na mwiko mkononi.

"Umechelewa, kaka."

"Gari limeshushwa jana tu."

"Basi ningoje nizime jiko."

Alikuwa mjane. Nyumba yake ilikuwa na wenyewe wapya, naye wamembakishia chumba cha uani. Akatoka na furushi moja la nguo, akakaa kiti cha nyuma. Thabit alitaka kulia, akakumbuka yuko kazini, akaandika: "Klachi laini."

Adhuhuri haijaingia wakawa wamesharudi. Kwenye ripoti aliandika ukweli, kwani ndivyo alivyofunzwa: "Breki zinashika. Usukani mwepesi. Maili ya nne, Unguja."

Majid, mkuu wa ofisi ya vibali, aliisoma ripoti, akaenda kuchungulia dirishani mwa gari.

"Huyu bibi ana ruhusa ya kuingia nchini?"

"Hana, Shekhe. Dada yangu. Babu yetu kazaliwa Hail, hukuhuku Omani, na huko ndiko alikozikwa."

"Sikukuuliza kazikwa nani. Nnataka karatasi."

"Karatasi hana."

"Basi asishuke."

Majid hakuwa mtu mbaya. Alipekua kanuni siku nzima mpaka akaona kwamba chochote kilichomo garini wakati wa majaribio ni sehemu ya gari. Akaandika orodha kwa mkono wake: jeki moja, tairi la akiba moja, spana mbili, dada mmoja. Ombi la Nasriya la kushuka likapelekwa juu, ambako barua zilikwenda kupumzika.

Nasriya akaishi kiti cha nyuma, gari likiwa limeegeshwa uani kwa ofisi. Alishona kofia, akaswali kwa kukaa. Kwa choo na kuoga alipewa kibali cha nusu saa, kinachoandikwa upya kila asubuhi. Makarani walimwamkia kwa adabu wakipita, na mmoja alimpangusia vioo kila Alkhamisi.

Thabit aliomba kulijaribu gari tena. Unguja amebaki shangazi yao, Kheiria, mgonjwa na hana wa kumpa maji.

"Maili ya nne umeshaijaribu," Majid alimwambia. "Imepasi."

Mwezi wa Juni 1969 majibu yalishuka. Gari limekubaliwa, na linaruhusiwa kukaa Maskati maisha. Juu ya Nasriya hapakuwa na neno. Gari akapewa Majid mwenyewe, kwa utumishi wake mwema.

"Nishushie dada yangu, Shekhe," Thabit alimwomba. "Wewe lako ni gari."

"Orodha imeshapigwa muhuri, Thabit. Nikipunguza kitu kimoja, wataniuliza na jeki iko wapi."

Thabit alimtazama dada yake kupitia kioo. Nasriya alikuwa akitia uzi kwenye sindano, wala hakuinua kichwa. Alikuwa ameshasikia.

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya sala, Thabit husimama kando ya barabara Darsait na mkate wa kumimina alioupika mwenyewe, kaufunga kwenye kitambaa. Majid, ambaye si mtu mbaya, hupunguza mwendo. Kusimama hasimami, kwa kuwa kituo hicho hakimo kwenye kibali chake. Nasriya hutoa mkono dirishani, akaupokea mkate.

"Na wewe umekula?" humwuliza.

"N'shakula," Thabit hujibu, huku akikimbia ubavuni mwa gari ili mazungumzo yasikatike. Ana miaka hamsini na moja. Siku akiwa na pumzi hufika mpaka kwenye kona.