Dharura ya Wali

Vita vilipiganwa ng'ambo, lakini vikaiharibu Jumapili ya Gasper shuleni Mbozi. Rais alikuwa ameagiza magari ya umma yatembee kwa dharura tu, ili mafuta yatoshe. Lori la shule lililokuwa lifuate mchele Kamsamba likalala. Na Gasper, kiranja wa chakula, alikuwa amechaguliwa kwa ahadi ya wali kila Jumapili.

Hakutulia. Alilizunguka lori, akalizunguka sufuria la makande, kisha akajitupa mbele ya mkuu wa shule, ameshika tumbo.

"Dharura, mwalimu. Dawa yangu ipo Kamsamba."

"Pole, mwanangu," mkuu alisema kwa upole. "Agizo la Rais tunaliheshimu. Wewe ni mgonjwa, lori litatoka."

Gasper akaanza kutabasamu.

"Litakupeleka kwenu Ndalambo, ukapumzike mpaka vita viishe."