Kasuku Mbele ya Tume

"Hakuna mfanyakazi aliyewahi kulalamika kuhusu mlango ule," meneja aliiambia tume iliyochunguza moto. Hapo hakusema uongo. Katika kiwanda chake cha magodoro, aliyelalamika Jumatatu aliamkia mtaani Jumanne.

Kisha akaongeza kwamba mlango wa dharura wa chumba cha gundi ulitiwa kufuli na mlinzi, bila yeye kujua. Mlinzi hakupinga. Alikuwa ameteketea pamoja na zamu nzima, nyuma ya mlango huohuo.

Kasuku alisikiliza akiwa kwenye kiti cha mashahidi. Alikuwa mkata sponji, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuna sauti iliyomshinda kuiga. Baada yake hapakuwa na shahidi mwingine. Kama naye angetoka mikono mitupu, marehemu mlinzi angebebeshwa lawama zote, na kiwanda kingefunguliwa upya vilevile kilivyokuwa.

"Una hati yoyote? Picha?" mwenyekiti wa tume aliuliza.

"Sina, mheshimiwa. Nina kichekesho."

Mwanasheria wa kiwanda alitabasamu. "Ndugu yangu, hapa pana wafiwa. Hapa si jukwaani."

"Kichekesho hiki kimekaa matanga muda mrefu kuliko wewe, bwana mkubwa."

Aliieleza tume. Kila mwisho wa mwaka wafanyakazi waliandaliwa karamu, na yeye alimwigiza meneja. Yaliyokatazwa kutamkwa yalitamkwa siku hiyo, kwa kuwa yalikuja yamevaa mzaha. Meneja aliketi mbele kabisa na kucheka hadi machozi. Alipenda kuigizwa. Alichochukia ni kuigizwa vibaya. Hapo aliinuka na kumsahihisha mwigizaji, kama mwalimu na daftari la mjinga.

Mwenyekiti akamruhusu aigize.

Kasuku alisimama, akatanguliza tumbo, akabana koo. Sauti ya meneja ikajaa ukumbini.

"Mnataka mlango wazi ili mnitorokee na magodoro kichwani, eeh? Kufuli litabaki palepale. Moto ukija, ubishe hodi kama mgeni mwingine! Ufunguo nimemwachia mlinzi."

Kicheko kilimponyoka mtu mmoja nyuma, kwa mazoea, kikafia njiani. Mjane wa mlinzi aliinamisha kichwa.

"Wewe naye!" meneja alifoka, ameshasimama. "Unaniharibia! Nimwachie mlinzi ufunguo, nina wazimu? Nilisema uko mfukoni mwangu, na hautoki..."

Mwanasheria alimvuta koti. Maji yalikuwa yameshamwagika.

"Karani," mwenyekiti alisema taratibu, "andika kama alivyotamka."

Hakuna aliyepiga makofi. Nje, kwenye ngazi za ukumbi, mkata sponji mwenzake alimpiga Kasuku begani.

"Leo umemweza, kaka. Ila kazi umeizika."

"Itakuwa na majirani wengi huko."

Mwenzake hakucheka. Alijitenga alipomwona mama mmoja akishuka ngazi kwa shida. Binti yake alikuwa akipaka gundi katika zamu ile iliyoteketea. Alizikwa katika jeneza lililopigwa misumari kabla mama hajamtazama.

"Mwanangu," mama alimwambia Kasuku, "ulipokiigiza kichekesho hicho karamuni, binti yangu alikuwepo?"

"Alikuwepo, mama."

"Alicheka?"

Kasuku alitamani kudanganya. Kiapo alikuwa amekiacha ndani, na hapa nje hakuna ambaye angemshtaki. Lakini mama alikuwa akimtazama usoni.

"Alicheka sana, mama. Alijishika mbavu."

"Basi alijua."

"Sote tulijua. Ndiyo maana kilichekesha."

Mama alishika chuma cha ngazi kwa mikono miwili. Watu wakampita pembeni.

"Kila mwaka alirudi akanisimulia vichekesho vyako," alisema. "Kimoja baada ya kingine, na jinsi ulivyotembea akanionyesha, tukacheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Nilidhani ananisimulia vyote." Akaachia chuma, akaanza kushuka. "Hicho alikiruka."