Koliflawa Zilizofumuka

…na bado anaongea, huyu mume, kasimama mlangoni na viatu vyake vya matope kana kwamba jiko ni ghala, eti baridi itakuja, baridi imechelewa tu, na Mama Miche, ndivyo majirani wanavyomwita kwa ajili ya kitalu chake, kashika kisu na mbele yake koliflawa iliyokatwa asubuhi hii, kama hii nayo ni koliflawa, kichwa kimefumuka, kimepiga manjano, punjepunje kama wali uliomwagika, mchuuzi gani atakichukua, hata sungura wa jirani watakikunjia pua… na si alisema? Alisema, palepale kitaluni, miche ingali na majani mawili, baba watoto, bwana shamba anasema bahari kule mbali imepata joto, ni mwaka wa El Nino, msimu wa baridi utakuwa wa jina tu, nusu ya shamba tuweke bamia, na mumewe akacheka kicheko kile cha ukoo mzima, "Bahari? Kwani mimi nalima bahari?" akapanda koliflawa mpaka kwenye mpaka, wiki ileile aliyokuwa akipanda marehemu baba mkwe, maana nyumba hii kalenda ni ya baba mkwe, majira yenyewe ndiyo yanayotakiwa kumfuata… "…na mbegu dukani bado zipo," anasema mlangoni, mwanzo wa maneno yake umempita, mbegu gani tena jamani, lione na hili birika, limekaa motoni kama limelala, na miaka ile ya La Nina, bahari ilipopoa, baridi ya kutoboa mifupa, koliflawa nyeupe, ngumu kama ngumi, nani alisifiwa? Mkulima hodari! Utadhani baridi aliileta yeye mfukoni, yaani baridi ikija ni ujuzi wake, joto likija ni mkosi, kichwa changu hiki kitapasuka, wallahi… "Mama watoto, unanisikia?" Nakusikia, nakusikia tangu siku uliyonioa, anajibu moyoni, anakata shina, kisu kinagonga ubao. "Nimesema safari hii sema wewe. Tung'oe tupande bamia, au tuingoje baridi? Utakalosema ndilo." Kisu kikasimama. Sema wewe. Miaka yote ameisubiri kauli hiyo, ameipangia na majibu, tena makali, na sasa yako wapi, maana bwana shamba alisema pia kwamba mizunguko hii hugeuka, huenda joto likakaa, huenda likaondoka ghafla, huenda, huenda, neno hilo halikuwahi kumnyima usingizi, lilikuwa mzigo wa mwingine, yeye kazi yake ilikuwa kusema si nilikwambia, na je, wakiing'oa ile iliyobaki, ambayo bado haijafunga vichwa, halafu baridi ishuke juu ya bamia changa, atamcheka nani… alidhani mwenzake ni mbishi, kumbe kila mwaka alisimama pale shambani na woga huu, peke yake, akashika wiki ya baba yake kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika… maji hayajachemka, viatu bado viko mlangoni, matope yanakauka sakafuni, na mumewe anamtazama vile anavyolitazama wingu, akingoja kuambiwa.